Sauti tunazo, vidole hatuna: vifaa vichache vya kurekodi gitaa nyumbani

Magitaa ya muziki wa dansi wa zamani hayajapotea masikioni. Redio zinayapiga Jumapili mchana, madereva wa Coaster za Moshi na Arusha wanayo kwenye flashi, na kwenye harusi za huku kwetu, ukifika muda wa wazee kucheza, DJ anajua pa kwenda. Tumebahatika, kwa sababu bendi nyingi ziliingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodiwa, na kanda zikatunzwa. Ambacho hakikutunzwa ni mikono.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walitangulia tangu miaka ya 1970, lakini bendi nyingi za dansi zilikuwa upande huu wa bahari. Kwa hiyo miaka ile ambayo magitaa ya solo, sekondi solo, ridhimu na besi yalikuwa yakipokezana hadi mtu anasahau kukaa, mbele ya mpiga gitaa mara nyingi hapakuwa na kamera. Na gitaa linajua kuficha. Noti ya uzi wa kwanza ukiwa mtupu unaipata pia kwenye uzi wa pili freti ya 5, uzi wa tatu freti ya 9, na uzi wa nne freti ya 14. Sikio linakwambia ni noti gani. Halikwambii mpigaji aliishikia wapi, kwa kidole kipi, na kidole kilichofuata kilikuwa kimeshajiandaa wapi. Mtindo wote wa mtu umo humo.

Ninafundisha gitaa nyumbani kwangu Pasua, hapa Moshi. Wanafunzi wangu wengi ni vijana wa kwaya, na pengo hili nalikuta kwao kila wiki. Kijana anakuja na wimbo kwenye simu, noti amezipata zote, lakini vidole vinarukaruka shingo nzima kwa sababu hajawahi kumwona mtu akiupiga. Nikimwonyesha njia fupi anafurahi kama ameokota kitu. Halafu nawafikiria walioko Same, Kondoa au Namanga, wasio na mtu wa kuwaonyesha, wenye simu tu. Wapigaji wazuri tunao. Wapo kwenye bendi za hoteli za Arusha, wapo makanisani, na wapo wazee waliostaafu ambao gitaa lao limelala juu ya kabati. Nikiwauliza kwa nini hawajirekodi, jibu ni lile lile: sina vifaa. Makala hii naiandika kwa ajili ya jibu hilo.

Kipimo changu cha vifaa ni kimoja. Video ya gitaa inafaa ikiwa mtu anaweza kuipunguza mwendo hadi nusu, akaona kila kidole na kusikia kila uzi. Wanaojifunza ndivyo wanavyotazama. YouTube ina sehemu ya kubadili kasi, na mwanafunzi makini akifika kwenye kipande kigumu anashuka hadi 0.5 moja kwa moja. Noti hazishuki, zinabaki pale pale, ila kila kitu kinarefuka, na mwangwi wa chumba nao unarefuka. Chumba ambacho kwa kasi ya kawaida kinaongeza utamu kidogo, kwa nusu ya kasi kinakuwa tope; noti moja inamwagikia nyingine. Picha nayo, kama ilirekodiwa kwa fremu 30 kwa sekunde, inabaki na fremu 15 kwa kila sekunde ya kutazama. Kidole kinaondoka hapa na kutokea pale, njiani hakionekani.

Kwa hiyo kamera ni simu uliyonayo, lakini ingia kwanza kwenye mipangilio yake uchague 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde. Simu nyingi za miaka ya karibuni zina chaguo hilo kwenye kamera ya nyuma. Usihangaike na 4K. Itajaza simu na kula bando, na mwanafunzi anayetazama kwenye kioo kidogo hataona tofauti. Fremu 60 ataiona mara tu akipunguza mwendo. Kamera ya mbele inavutia kwa kuwa unajiona, lakini mara nyingi ni dhaifu kuliko ya nyuma, na simu nyingine huihifadhi video ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Anayepiga kwa mkono wa kulia anaonekana anapiga kwa kushoto, na mwanafunzi anachanganyikiwa asijue kwa nini. Ikibidi uitumie, tafuta sehemu ya kuzima hicho kioo.

Kitu cha kwanza cha kununua ni stendi ya simu. Taa isubiri, maiki isubiri. Chukua ya miguu mitatu, inayofika kimo cha kifua cha mtu aliyekaa, yenye kishikio kinachokazwa kwa skrubu. Zile za miguu laini ya kukunjakunja zinalegea taratibu. Unaanza kwa kurekodi shingo ya gitaa, unamaliza kwa kurekodi magoti. Maduka ya vifaa vya simu kuzunguka stendi ya mabasi wanazo. Ijaribu pale pale dukani: weka simu yako, gusa kioo kwa kidole, uangalie inatikisika kwa muda gani kabla ya kutulia. Kama hela haijapatikana, fundi seremala atakutengenezea kipande cha mbao chenye mfereji wa kusimamishia simu, ukiweke juu ya meza. Kinafanya kazi ile ile kwa mtu asiyehamahama.

Weka lenzi usawa wa shingo ya gitaa au juu yake kidogo, ili upande mmoja mkono wa freti uonekane wote na upande wa pili ule unaopiga. Usiibane simu karibu sana. Lenzi pana ikiwa karibu inavuta picha, freti za upande mmoja zinaonekana ndefu kuliko zilivyo, na mwanafunzi anahesabu vibaya. Afadhali mita moja na nusu, kisha ukuze kidogo. Uso si lazima. Dada mmoja ninayemfundisha, nyumbani kwao hawapendi aonekane mtandaoni, kwa hiyo anarekodi kuanzia shingoni kwenda chini. Video zake zinasaidia watu kuliko nyingi zenye nyuso za tabasamu, kwa sababu nafasi yote ya picha ni ya mikono. Ukishapanga, bonyeza kioo na ushikilie mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, la sivyo kila ukisogea itaanza kutafuta upya. Na nyuzi zikionekana kwenye video zinajipinda mawimbi, usidhani simu imeharibika. Kamera ya simu inasoma picha mstari kwa mstari, na uzi wa sita mtupu unatikisika mara 82 kwa sekunde wakati usomaji huo ukiendelea. Vidole vinabaki sahihi.

Mwanga nitaupita haraka, kwa kuwa dirisha linatosha. Kaa dirisha likiwa ubavuni, upande wa mkono wa freti, kamwe lisiwe mgongoni. Jua likipiga moja kwa moja, tundika shuka jeupe. Hapa Moshi miezi bora ni Juni na Julai, mlima ukiwa umejifunika na watu wakilalamikia baridi: mawingu yale yanalainisha mwanga kutwa nzima, na vidole havitupi vivuli vizito juu ya freti. Usiku ndipo pana hesabu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei ndogo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, na mistari myeusi inapita kwenye picha. Ukiweka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde mistari inatulia. Open Camera, programu ya bure ya Android, inaruhusu kulichagua hilo kwa mkono kwenye simu zinazokubali.

Sasa sauti, ambako nataka nikae.

Nyumba zetu nyingi ni matofali yaliyopigwa plasta, sakafu ya saruji au tailizi, na juu jipsamu au bati tupu. Kuta za namna hiyo hazimezi chochote, zinakurudishia. Simama katikati ya sebule upige kofi. Ukisikia mkia wa sauti unaolia juu kwa juu baada ya kofi, gitaa halitasikika vizuri humo hata kwa maiki ya milioni. Nenda chumba cha kulala. Godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa vinakufanyia kazi bila kukudai kitu. Fungua milango ya kabati la nguo wakati wa kurekodi. Chumba cha watoto chenye vitanda vya juu na chini ni kizuri mno, kama watoto wako shule.

Nimeingia studio kadhaa ndogo, Ngarenaro na Majengo, zilizobandikwa trei za mayai ukuta mzima. Naelewa zilikotoka: ni za bure, na zinafanana kwa sura na sponji za studio kubwa. Lakini karatasi ile ni nyepesi. Inapunguza kidogo sauti nyembamba za juu kabisa, na mvumo wa kati na wa chini inauacha ulivyokuwa, hivyo chumba kinakuwa butu na mwangwi haujaondoka. Tena zinashika moto upesi. Muda na gundi hiyo heri uende soko la Memorial, hapa Moshi, ununue mablanketi mazito ya mitumba. Likunje blanketi mara mbili, ulitundike kwenye kamba, na uliache mbali kidogo na ukuta.

Umbali huo na ukuta unabeba uzito mkubwa. Wimbi la sauti likifika ukutani hewa inagota pale, haina pa kwenda. Inakotembea kwa kasi zaidi ni robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani, na kitambaa kinameza sauti pale ambapo hewa inakipenya kwa kasi. Sauti inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde. Noti ya uzi wa kwanza mtupu ni hezi 330 hivi, kwa hiyo wimbi lake ni kama mita moja, na robo yake ni kama sentimita 25. Blanketi lililogandamizwa ukutani linafanya kazi ndogo sana. Lile lile likiwa sentimita 20 au 25 mbele ya ukuta linaanza kula noti zenyewe za gitaa. Natundika moja nyuma yangu na moja mbele, upande ambao gitaa linaangalia, na kama lipo la tatu linakwenda sakafuni kati yangu na simu. Hakuna maiki niliyowahi kuijaribu iliyobadilisha video kiasi hicho.

Baada ya chumba ni umbali wa maiki. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye gitaa inashuka kwa desibeli 6, wakati sauti ya chumba inabaki karibu pale pale. Simu iliyo mita moja na nusu inaona vizuri lakini inasikia zaidi chumba kuliko gitaa. Kamera inataka kuwa mbali, maiki inataka kuwa karibu, na ndiyo sababu hasa ya kuvitenganisha.

Kwa wasio na hela ya ziada, kifaa cha kutenganisha ni simu ya pili. Azima ya dada, ya mama, ya jirani. Fungua programu ya kinasa sauti, iwekee hali ya ndege ili isilie katikati ya wimbo, na uiweke juu ya kiti au stuli, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ule upande wa chini wenye tundu la maiki ukiangalia freti ya 12 au pale shingo inapoungana na sanduku. Usiielekeze kwenye tundu la gitaa. Watu wengi huko ndiko wanakokimbilia, lakini hewa ya ndani ya sanduku inavuma pale, kwenye magitaa mengi karibu na hezi 100, na kila noti ya besi itafura na kufunika nyuzi nyembamba. Freti ya 12 inakupa mbao na nyuzi kwa pamoja.

Washa zote mbili, kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuunganisha kwenye programu ya kuhariri, iwe CapCut kwenye simu au DaVinci Resolve kwenye kompyuta, na zote zinapatikana bure, utaona kofi likisimama peke yake kama mlingoti kwenye mchoro wa sauti. Panganisha mlingoti na mlingoti, zima sauti ya kamera, umemaliza. Kwa wimbo wa dakika nne au tano vitaenda pamoja. Somo la nusu saa likate vipande, kila kipande na kofi lake, kwa sababu saa za simu mbili hazilingani kabisa na mwishoni vidole vitaanza kutangulia sauti.

Jambo moja linaharibu rekodi nyingi za gitaa kuliko ubovu wa maiki. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Ndani yake kuna programu inayopandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, na nyingine inayotafuta kelele zisizobadilika, kama feni au mvumo wa barabara, na kuzifuta. Noti ya gitaa iliyoachwa ilie inafanana sana na kelele isiyobadilika. Simu inaifuta. Unasikia uzi umepigwa vizuri, halafu mkia wake unakatwa au unapiga mawimbi kama redio iliyo mbali na mtambo. Ukitafuta kwenye Open Camera kuna sehemu ya kuchagua chanzo cha sauti, na mojawapo ni sauti isiyochakatwa. Chagua hiyo kama simu yako inaikubali. Programu nyingi za kinasa sauti nazo zina swichi ya kupunguza kelele. Izime. Hali ni hiyo hiyo kwa maiki ndogo zisizo na waya za kubana kwenye shati, ambazo sasa kila duka la simu linazo: kitufe chao cha kupunguza kelele ni msaada kwa mtangazaji aliye barabarani, na kwa gitaa ni hasara. Ukikizima, maiki hizo ni nzuri kuliko bei yake. Ninaibana kwenye mfuko wa shati upande wa kulia, ikiangalia chini kuelekea pale shingo inapoanzia, au kwenye kijiti mbele ya gitaa.

Maiki ya waya ya kubana ni nafuu zaidi na haitaki chaji, lakini angalia kichwa cha waya wake. Simu zinataka kile chenye mikanda mitatu myeusi. Chenye mikanda miwili ni cha kamera na kompyuta, na ukikiingiza kwenye simu utarekodi kwa maiki ya simu yenyewe bila kujua. Njia ya kuhakikisha ni kukwaruza maiki kwa ukucha wakati unarekodi, halafu usikilize. Kwa faili, chagua WAV, yaani sauti isiyobanwa, kama ipo. Sauti ya kilohezi 48 na biti 24, kwa mkondo mmoja (mono), haifiki MB 9 kwa dakika, kwa hiyo nafasi si tatizo. Piga kile kipande chenye nguvu kuliko vyote kabla ya kuanza, na uhakikishe kilele kinabaki kati ya desibeli −12 na −6 kwenye kipimo cha programu. Kikigonga 0 sauti inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha vizuri.

Gitaa la umeme lina raha moja: chumba hakihusiki ukiliunganisha moja kwa moja. Intafesi ndogo ya USB, ile ambayo wengi mjini wanaiita saundi kadi, yenye tundu la gitaa au kitufe cha INST, inaunganishwa kwenye simu kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu. Kitufe hicho ukikisahau gitaa litasikika jembamba na lisilo na uhai. Simu nyingine hazina nguvu ya kuiendesha intafesi, kwa hiyo tafuta yenye tundu la pili la umeme, uilishe kwa pawabenki, ambayo pia inakuokoa siku umeme ukikatika. Ukisikia mvumo, geuka taratibu na gitaa mkononi. Pikapu za koili moja zinanasa hezi 50 za nyumba, na kuna pembe ambayo mvumo unapungua sana. Chomoa chaja ya laptopu. Wapigaji wenye ampu nzuri waweke maiki mbele ya spika, sentimita chache tu, ikielekea kati ya kitovu na ukingo. Shure SM57 inafanya kazi hiyo tangu 1965 na haihitaji umeme wa volti 48 kama maiki za kondensa, ila feki zake zimezagaa, nunua kwa mtu unayeweza kumrudia. Kwa anayeanza, sioni haraka ya kuifikia hatua hii.

Ninachokiona cha haraka ni nyuzi mpya. Nyuzi zilizoota kutu hazina noti za juu za kurekodiwa, na hakuna namna ya kuziongeza baadaye. Badilisha siku moja kabla ili zitulie, zityuni upya kila baada ya wimbo, na mpelekee fundi gitaa lako kama freti ya 12 hailingani na uzi mtupu. Seti ya nyuzi naiweka juu kuliko maiki kwenye orodha ya manunuzi, mara tu baada ya stendi na mablanketi.

Kelele za mtaa kila mmoja anazijua za kwake. Pasua kuna mashine ya kuranda mbao, bodaboda na jogoo asiyejua saa. Saa nane mpaka saa tisa na nusu mchana pametulia kuliko usiku, kwa sababu usiku nyenje wanaanza na sauti yao inakaa juu ya nyuzi nyembamba, huwezi kuikata bila kukata gitaa. Masika chini ya bati, usirekodi. Tumia siku hizo kufanya mazoezi.

Mkoba wangu wote wa kazi hii ni stendi, simu mbili, maiki ya kubana, pawabenki, blanketi moja na kamba. Unakaa mapajani kwenye daladala, na wepesi huo ndio ulionifikisha Kiboriloni kwa mzee mmoja aliyepiga sekondi solo kwenye bendi za Arusha miaka ya 1970. Nilimwamkia, akaitikia, akautazama mkoba.

"Marahaba mwanangu. Mitambo mingine inakuja na gari?"

"Ndiyo yote hii, mzee."

Alicheka, akaomba gitaa, akalityuni kwa sikio akiinamisha kichwa. Blanketi tulilitundika kwenye kamba ya nguo sebuleni kwake, mjukuu akashika ncha moja. Alipiga kipande ambacho mimi na wanafunzi wangu tulikuwa tukikipiga freti ya 5 kwa kunyoosha vidole mpaka vinauma. Yeye alikipiga kwenye uzi wa tatu na wa nne, kuanzia freti ya 9, mkono umetulia kabisa, kidole cha nne kikifanya kazi ambayo sisi tulikuwa tumekipa cha kwanza. Nilimuuliza kwa nini huko juu.

"Solo akiwa chini, mimi nakaa juu. Tukikutana sehemu moja, mwimbaji hana pa kupita."

Nilikuwa nimesikia muziki huo tangu utotoni, na sikuwahi kusikia ukielezwa hivyo. Nyumbani niliirudia video kwa nusu ya kasi. Kidole cha nne kinaonekana kikiinuka kabla ya noti kwisha, na kwa sababu ya blanketi lile unasikia pia uzi wa nne ukizimwa kwa ubavu wa kidole cha pili. Hicho kizimio kidogo ndicho kinachofanya kipande kicheze.

Kuhusu kupandisha: video ya 1080p ya fremu 60, YouTube wenyewe wanapendekeza megabiti 12 kwa sekunde, ambazo ni kama MB 90 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 360. Kama bando halitoshi, shuka 720p lakini usishuke fremu. Sauti ipandishe mpaka karibu −14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho programu nyingi za kuhariri zinakionyesha, kwa sababu YouTube inazipunguza zinazozidi hapo na haizipandishi zilizo chini; ukipeleka sauti ndogo itabaki ndogo. Iache iwe mkondo mmoja, wengi watasikiliza kwa spika ya simu. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, vinginevyo programu itaibana na vidole vitageuka ukungu. Dokumenti zinapita mpaka GB 2.

Ukimrekodi mzee, mwombe ataje kwa mdomo wake, mbele ya kamera, jina lake, namna alivyotyuni, na aliyemwonyesha. Nakala ya kwanza ipelekee familia kwenye flashi kabla hujaipandisha popote, uwaulize kama wanaridhia. Kiboriloni niliambiwa nisubiri mtoto mkubwa arudi kutoka Dar. Aliporudi alitazama yote, akaridhia, na sharti lake likawa kwamba jina la baba yake liandikwe kamili, pamoja na neno sekondi solo, kwa sababu watu humtaja mpiga solo peke yake. Narudi tena Jumamosi na stendi ya pili, kwa ajili ya mkono wa kulia. Wanafunzi wameanza kuuliza anashikaje piki.